Bonde la Magoma Lisifukiwe na Grafu

Grafu ya Usambara ya pande tatu inavutia, ila mwulize mwanafunzi Magoma iko wapi. Haioni, milima inayopita mita 2,000 imeificha. Ndiyo maana nikiandaa somo la ramani naongeza mstari kwenye ukuta wa nyuma wa grafu. Si kivuli cha milima yote, maana kivuli hubeba vilele tu na kulifukia bonde. Nachagua mkato mmoja unaopita Magoma, magharibi hadi mashariki. Kwenye Matplotlib nabadilisha namba ya kaskazini-kusini tu, iwe ya ukuta, mwinuko siugusi. Hapo Usambara Magharibi inashuka hadi Mto Lwengera, kisha Usambara Mashariki inapanda. Mwalimu mtarajiwa mwenzangu, kabla hujaisifia picha, hakikisha mtoto wa Magoma anaona kwao.