Baraza Moja Wiyoni



Tulihamia Wiyoni baada ya nyumba ya babu, katika mji wa mawe wa Lamu, kugawanywa kwa mirathi. Tulijenga kwa matofali ya simiti na mabati, kama walivyojenga majirani, tukamshukuru Mola. Miaka ilipita kabla ya kutambua kwamba kila mmoja wetu alijenga vyumba, wala hakuna aliyeifikiria njia.

Aliyetuzindua ni baba yetu. Kule mjini, kila baada ya Alasiri aliketi barazani na wenzake. Hapa jua lilimchoma, maji machafu yalituama mlangoni, na hapakuwa na pa kupumzikia. Taratibu akaacha kwenda msikitini, akawa aswali chumbani peke yake.

Mji wa Kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Wageni husifu milango ya nakshi. Nasi tuliolelewa humo twajua raha yake imo katika mambo madogo. Njia nyembamba hutiwa kivuli na kuta ndefu za matumbawe. Daka humpokea mgeni bila kuvunja sitara ya nyumba. Baraza humpumzisha mpita njia. Kivuli na baraza havihitaji utajiri. Vyahitaji mwenye nyumba aachie hatua chache za ardhi yake.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mbele ya nyumba tulikwisha kuweka msingi wa duka la kukodisha, na kodi yake tuliikusudia karo. Tulijadiliana siku nyingi. Baba hakusema neno. Mwishowe msingi ule tukaugeuza baraza, tukapanda mkilifi kando yake, na pamoja na majirani wawili tukachimba mtaro na kuufunika. Jirani mwengine akajenga kibaraza karibu na msikiti.

Kodi tumeikosa, na karo bado yatuhangaisha; hatufichi. Lakini baba sasa hutoka kwa adhana, hupumzika njiani, na akirudi huwakuta wenzake wamemngoja.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Tulidhani udhia ni mwiba au jiwe. Huenda pia ukawa ni ukuta tunaokusudia kuujenga kesho.