Vijiti na Dafina ya Mjerumani

Wanafunzi wetu huyachanganya mara kwa mara maneno mawili, hazina na dafina, nasi hatuwalaumu, maana hata watu wazima huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Hazina ni mali iliyowekwa: ina mlango, ina ufunguo, na yupo mtu anayejua hesabu yake. Dafina ni mali iliyofukiwa ardhini, na aghalabu aliyeifukia amekwisha kufa bila ya kumwambia mtu. Katika kiangazi cha mwaka 2018 tuliingizwa katika shughuli ya dafina pasipo kutaka, nasi tunaieleza hapa kwa kuwa wenzetu kadhaa wametuuliza, na wengine wamekwisha kuisimulia kwa namna isiyo ya kweli.

Hapa Burundi mtu hukaa kilimani, hakai kijijini. Kilima chetu ki mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Gitega, na hapo anakaa mzee mmoja aliyetufundisha Kiswahili sisi sote tunaokifundisha leo katika shule ya karibu. Amestaafu zamani, walakini hatuthubutu kumwita kwa jina. Twamwita Mwalimu, naye hutuita wanangu, hata wale wetu wenye mvi. Chini ya nyumba yake pana mkuyu mkubwa. Marehemu baba yake alikuwa akimsimulia kwamba mwezi wa Juni 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Urundi na Wajerumani wakawa wanarudi nyuma kuelekea Tabora, kikosi kimoja kililala usiku mmoja chini ya mkuyu huo. Baba alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Jioni alihesabu masanduku tisa yaliyotuliwa na wapagazi. Asubuhi yalipotwikwa tena alihesabu saba. Hayo ndiyo yote aliyoyasema, na aliyasema kwa maneno yale yale mpaka siku ya kufa kwake.

Basi akaja mgeni mwenye vijiti. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyevaa koti safi, na vijiti vyake vilikuwa nyaya mbili za shaba, kila moja imekunjwa mfano wa herufi L. Upande mfupi wa kila waya aliutia katika kipande cha tete, akashika tete mkononi, upande mrefu ukaelekea mbele. Hutembea polepole, nyaya zikitangulia sambamba kama pembe za ng'ombe. Akifika juu ya dhahabu, nyaya hugeuka zenyewe zikapishana. Alipita chini ya mkuyu, nazo zikapishana mara tatu mahali pamoja. Sharti lake lilikuwa faranga 800,000 kabla ya jembe kugusa ardhi, kisha theluthi ya kitakachopatikana. Mwalimu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na mnunuzi alikwisha kumtazama.

Tulipofika kwake hakutuomba shauri. "Wanangu," alisema, "sikuwaiteni mniambie ndiyo au siyo. Nimewaiteni muwe mashahidi siku ya kuchimba."

Tulinyamaza, kwani mzee akisema hivyo mwanawe hana neno. Aliyejibu ni Mama mmoja mwenzetu, mwalimu wa hesabu, ambaye hakupata kuwa mwanafunzi wake na kwa hiyo ulimi wake ulikuwa huru kidogo kuliko ndimi zetu. Alisema kwa adabu, "Mzee wangu, shahidi huona kwanza, ndipo akashuhudia. Turuhusu tuvione vijiti vikifanya kazi mahali ambapo sisi tunajua dhahabu iko wapi." Mwalimu alimtazama mgeni, na mgeni akakubali kwa furaha. Jambo hili tunaomba msomaji alitie moyoni: alikubali kwa furaha. Tulikuwa tumejiandaa kukutana na laghai, na laghai hukwepa.

Papo hapo Mama alivua pete yake ya dhahabu, akaiweka chini, akaifunika kwa beseni mbele ya macho ya wote. Mgeni akaja na nyaya zake, na zilipofika juu ya beseni zikapishana. Akarudi, akaja kwa upande mwingine, zikapishana. Alifanya hivyo mara saba na hazikukosa hata mara moja. Tuliviangalia vidole vyake kwa makini, navyo havikutikisika. Twakiri kwamba tulirudi nyumbani jioni ile hatuna la kusema.

Jumamosi iliyofuata tuliazima vyungu kumi, tukavifudikiza mstari mmoja katika uwanja wa shule, hatua tatu baina ya kimoja na kingine. Mgeni akaingizwa darasani na mlango ukafungwa. Mwalimu kijana mmoja miongoni mwetu akaiweka pete chini ya chungu alichokichagua, kisha mgeni akaitwa. Alijaribu mara sita, akapata mara nne. Watu waliokuwa ukutani walipiga makofi, na Mwalimu akatutazama kwa uso ambao hatujausahau, wa mtu aliyesamehe kabla ya kuombwa radhi. Mtu asiyejua kitu, akibahatisha katika vyungu kumi, hutazamiwa kupata mara moja katika kila kumi. Nne katika sita si bahati. Baadhi yetu tulikuwa tumeanza kuhesabu jinsi ya kumchangia Mwalimu zile faranga ili ng'ombe asiuzwe.

Mama wa hesabu ndiye aliyeona kosa letu. Alikuwa hatazami nyaya; alikuwa akimtazama yule kijana aliyeficha pete. Kijana alisimama pamoja nasi ukutani, na kila mgeni alipokikaribia chungu chenyewe, kijana aliacha kuzungumza. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani nao walijua, wakanyamaza pamoja naye. Uwanja mzima ulikuwa ukimwambia mgeni, naye hakujua kwamba anaambiwa, nasi hatukujua kwamba tunasema.

Tukaanza upya baada ya chakula, kwa masharti. Watoto walirudishwa makwao. Namba 1 mpaka 10 ziliandikwa kwenye vikaratasi, zikatiwa ndani ya kofia, na mfichaji akawa anaokota kimoja pasipo kutazama, ili isiwe yeye anayechagua, maana mtu akichagua ana mazoea yake. Kila mara aliinua vyungu vyote kumi, akavirudisha, ili vumbi lisitoe habari. Kisha alipita mlango wa nyuma, akajifungia katika chumba cha vitabu. Hapo ndipo sisi tuliokuwa tumefungiwa darasani pamoja na mgeni tulitoka naye, na hakuna hata mmoja katika uwanja aliyejua pete iko wapi. Tulimwuliza mgeni kabla ya kuanza: katika mara ishirini utapata ngapi? Akajibu bila ya kusita, "Nikikosa zaidi ya mbili mniite mwongo." Tukaliandika jibu hilo katika daftari, naye akalitia sahihi.

Shughuli ilichukua saa tatu na jua lilikuwa kali. Mara ya pili alipata, akacheka, nasi mioyo ikatushtuka. Halafu akakosa, akakosa, akakosa tena. Nyaya zilikuwa zikipishana vilevile kila mara, kwa uhakika uleule, juu ya vyungu vitupu. Hadi mwisho alikuwa amepata mara tatu. Mbili ndizo zinazotazamiwa kwa kubahatisha, na Mama alituonyesha kwa hesabu kwamba asiyejua chochote hupata tatu au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio matatu ya namna ile. Mgeni hakukasirika. Aliketi juu ya jiwe, akaziangalia nyaya zake kama mtu aliyebwekewa na mbwa wake mwenyewe.

Tuliomba ruhusa tuzishike, akatupa. Hapo tulijifunza zaidi kuliko katika yale majaribio ishirini. Pete iliwekwa mahali pa wazi, nasi tukaiendea mmoja mmoja, tumekaza nia kwamba hatutazigeuza. Zikageuka. Zilitupishania mikononi watu wanne kati ya watu sita, na mmoja wetu, aliyekuwa akicheka tangu asubuhi, aliziachia zikaanguka. Hatukuzisukuma, tungeweza kuapa. Lakini waya uliolazwa hivyo ni kama mlango usio na komeo. Kiganja kikiinama kwa unene wa kucha tu, upande mrefu unazunguka, na mkono huinama kuelekea kile ambacho jicho linakitazamia, mwenyewe asipate habari.

Baadaye tuliposoma tuliona kwamba tumechelewa miaka mingi. Mkemia wa Ufaransa, Chevreul, alieleza jambo hilo mwaka 1833. Alikuwa ameona pete ya chuma iliyoning'inizwa kwa uzi ikibembea juu ya zebaki, akaiamini. Ila alipouegemeza mkono wake mwendo ulipungua, na alipofungwa macho pete haikujua tena la kufanya. Kabla yake, mwaka 1692, mkulima mmoja wa Kifaransa jina lake Jacques Aymar alipata sifa kubwa kwa fimbo ya panda: mwuza mvinyo na mkewe waliuawa mjini Lyon, naye akaifuata fimbo yake mpaka gereza la Beaucaire, akamwonyesha mtu ambaye baadaye alikiri na kuuawa. Aliitwa Paris. Huko Mwanamfalme wa Condé akachimbisha mashimo katika bustani yake, mengine yakatiwa dhahabu na fedha, mengine mawe matupu, yote yakafukiwa. Fimbo ikanyamaza penye dhahabu, ikageuka pasipo na madini. Bustani ya mwanamfalme na vyungu vyetu ni jambo lile lile. Na mwaka 1990 huko Kassel, Ujerumani, watafutaji wapatao 30 walijaribiwa kwa siku tatu kwa maji yaliyopitishwa katika mabomba nusu mita chini ya ardhi. Waliridhia masharti kabla ya kuanza, wakatazamia kushinda, na matokeo yakawa ya kubahatisha.

Hatusemi haya ili tuwacheke watu wa vilimani. Katika karne hii serikali ya Iraki ilinunua kwa mamilioni ya dola vyombo vilivyoitwa ADE 651, ambavyo havikuwa ila mpini wenye waya unaozunguka, bila hata betri, na askari wa Baghdad wakavitumia vizuizini kutafutia mabomu. Mabomu yalipita na watu wakafa. Mwuzaji, James McCormick, alihukumiwa London mwaka 2013 kifungo cha miaka 10. Waliovishika walikuwa wakiona waya unageuka, kama tulivyoona sisi.

Tofauti ni kwamba McCormick alijua anachokiuza. Mgeni wetu, kwa kadiri tuwezavyo kumjua mtu, hakujua. Alifikiri kitambo, kisha akatupa sababu: dhahabu ya pete ni changa, haijalala ardhini; dhahabu iliyozikwa miaka mia ina nguvu nyingine. Tulimwuliza kwa nini basi alitabiri kumi na nane. Hakujibu. Aliondoka keshoye alfajiri, na faranga hakuchukua.

Tulidhani Mwalimu atatushukuru. Siku tatu alikaa bila ya kutuona, na tulipomwendea na sukari na majani ya chai, alitukaribisha kama wakaribishwavyo wageni, kwa viti. Ndipo mmoja wetu akafanya kosa la pili, pengine kubwa kuliko la kwanza. Alitaka kumfariji kwa historia. Alimweleza kwamba Wajerumani mwaka ule walikuwa na uhaba mkubwa wa fedha hata wakafua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, senti za shaba kutokana na maganda ya mizinga, na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, wakitumia dhahabu ya Sekenke. Serikali iliyofikia hali hiyo, alisema, haiachi masanduku ya dhahabu chini ya mikuyu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akitusikiliza zamani tukisoma insha zetu. Kisha akasema, "Sikuwaambia dhahabu. Dhahabu aliitaja mgeni. Baba alisema masanduku tisa, na asubuhi saba. Mmevipima vijiti, vizuri. Sasa mnanipimia na baba?"

Hatukuwa na jibu, na hatunalo leo. Neno dhahabu lilikuwa limeingia katika habari ile na mgeni, nasi tukalipokea kama alivyolipokea kila mtu, tusiulize limetoka wapi. Tulikuwa tumeweka masharti kwa vyungu, kwa vumbi na kwa kofia, tukasahau kuuliza marehemu alisema nini hasa.

Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, Mwalimu alianza kuchimba mwenyewe chini ya mkuyu, kwa jembe, saa moja kila asubuhi. Hakumwita mtu. Tulisikia kwa watoto wa shule. Jumamosi tukaenda sote, pamoja na Mama wa hesabu, tukiwa na majembe yetu, na hakuna aliyesema neno juu ya vijiti. Mwalimu alituonyesha kwa fimbo yake ya kutembelea mahali ambapo baba alikuwa akisimama na mbuzi, na mahali wapagazi walipotulia mizigo. Tulichimba mpaka saa tisa, kimo cha mtu. Tulipata vigae vya chungu, mizizi minene kama paja, na kipande kimoja cha ukanda wa chuma, kimeliwa na kutu, chenye tundu mbili za misumari.

Mwalimu alikisafisha kwa pindo la shati lake, akakitia mfukoni. Hakutuambia ni cha sanduku, nasi hatukumwambia kwamba huenda ni cha pipa. Alitukaribisha pombe ya ndizi, akatuita wanangu. Shimo lilitiwa samadi ya ng'ombe, na mvua zilipoanza likapandwa migomba mitatu.