Viendelezi, Kamusi na Msimbo wa Linux

Wenzetu wengi klabuni wanasoma lugha, historia au sheria. Sisi watatu tunasoma kompyuta, na muhula huu tulipewa kazi iliyotufanya tufikirie kuliacha somo la mifumo endeshi: kufuata, ndani ya kerneli ya Linux, kila hatua inayopitiwa programu inapoomba kusoma faili, kisha kuieleza kwa mdomo mbele ya mwalimu, bila karatasi.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leo msimbo wake una mistari zaidi ya milioni 30, na hakuna anayeusoma wote. Kwa hiyo watu huweka viendelezi kwenye kihariri chao. Sisi tuliweka clangd ndani ya VS Code. Kwanza tuliijenga kerneli, kisha tukatoa amri ya make compile_commands.json. Faili hilo hukieleza kiendelezi kila faili la C lilikompailiwa kwa amri zipi. Bila hilo, kihariri hujaa alama nyekundu. Ukiwa nalo, unabofya jina la fanksheni na kupelekwa palipoandikwa. Ukiuliza nani anaiita, unaletewa orodha.

Tukatafuta sys_read. Tulipata tangazo lake katika include/linux/syscalls.h, lakini mwili wake hatukuuona. Sababu ni kwamba jina hilo hutungwa na makro wakati wa kukompaili. Kilichoandikwa katika fs/read_write.c ni SYSCALL_DEFINE3(read, na kuendelea. Mmoja wetu akacheka: "Jamani, hii si kamusi hii?" Kweli. Sisi tuliojifunza Kiswahili nyumbani na kukutana na kamusi ukubwani tunaijua taabu hiyo. Tafuta "waliotusomea", hulioni. Sharti uvue viambishi mpaka ubaki na "soma".

Kutoka hapo njia ilinyooka: ksys_read, kisha vfs_read. Halafu tukafika kwenye f_op->read_iter, na kiendelezi kikakomea hapo. Kilituonyesha pointa hiyo ilipotangazwa, ndani ya struct file_operations, ila hakikusema inaelekea wapi, kwani hilo hutegemea faili limehifadhiwa kwenye mfumo gani wa faili. Kwa ext4, inaelekea ext4_file_read_iter. Hilo tulilipata kwa kufungua fs/ext4/file.c na kusoma wenyewe, tukichora njia ubaoni na kuelezana kwa Kiswahili.

Siku ya kujieleza, mwalimu alituuliza hasa kuhusu pointa ile. Tulijibu, na somo hatukuliacha.

Kwa wenzetu watakaolichukua mwakani: wekeni clangd siku ya kwanza, msipoteze wiki mkitafuta kwa macho. Lakini kila mnaporuka kutoka faili moja hadi jingine, simameni mwelezane kwa nini mmefika hapo. Kihariri hakitaingia nanyi kwenye chumba cha mtihani.