Mashimo ya Mikorosho

Miaka yangu mingi ya kazi niliipitisha shimoni. Nilikuwa msaidizi wa utafiti wa udongo Naliendele, kwenye kituo cha kilimo nje kidogo ya mji wa Mtwara. Tulichimba hadi shimo likamzidi mtu kimo, tukanyoosha ukuta mmoja kwa panga, kisha nikashuka na kitabu cha rangi za udongo na utepe wa kupimia. Kilichotakiwa ni kujua mkorosho utapata nini chini. Tangu ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga ulipoonekana nchini mwaka 1979 na wakulima wakaanza kupuliza salfa, ilibidi pia tujue salfa inaufanya nini udongo wetu, kwa sababu inauongezea uchachu.

Humo mashimoni ndimo nilimoanza kuokota mawe yaliyochongwa na watu wa kale.

Jangwani mtafuta ncha za mishale ya kale husaidiwa na upepo. Mchanga unapeperuka, jiwe linabaki juu likimngoja. Mtwara ni kinyume. Mchwa hupandisha udongo laini kila siku, mvua inausambaza, na vitu vizito vinazama taratibu mpaka vinajipanga chini kama mstari. Ukitembea juu ya shamba huoni kitu. Mifupa nayo haidumu, udongo wenye uchachu unaila. Kinachobaki ni jiwe na kigae, na vyote viwili vimefukiwa.

Mchanga mwekundu wa Naliendele una mawe machache. Kwa hiyo jiwe jeupe lenye makali, likiwa peke yake ukutani mwa shimo, lazima niulize nani alilileta. La kwanza nililoliamini lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, limepinda kama mwezi mchanga. Upande ulionyooka ulikuwa na makali. Upande wa mviringo ulikuwa umegongwagongwa kwa makusudi ukawa butu, ili ushike vizuri utomvu wa mti na kukaa kwenye uti wa mshale. Huo mgongo butu ndio ninaoutazama kwanza mpaka leo. Jiwe gumu la aina nyingine likipasuliwa na mtu huacha kivimbe pale lilipopigwa, lakini jiwe jeupe hupasuka ovyo na alama hiyo hufifia. Trekta nalo hupasua mawe. Ila trekta halichongi mgongo.

Wataalamu wa mambo ya kale waliopita huku, hasa upande wa Mikindani, ndio walionieleza kwamba vijiwe hivyo ni vya Zama za Mawe za Mwisho. Mikindani watu huenda kutazama boma la Wajerumani na nyumba za mawe, na wengi hudhani historia ya pwani yetu inaanza na jahazi. Kilifi, Kenya, pango la Panga ya Saidi limeonyesha watu wakiishi karibu na pwani hii tangu miaka 78,000 iliyopita. Sioni kwa nini nchi ya Mto Ruvuma, yenye maji na samaki na wanyama, iwe imekaa tupu.

Wenyeji waliniuliza maswali yao. Bibi mmoja, mwenye shamba, alikuja akasimama ukingoni.

“Mwanangu, mmeshaziona rupia za Mjerumani?”

“Hapana, bibi. Tunatazama udongo.”

“Basi hicho ulichokifunga kwenye karatasi?”

Nikampandishia kijiwe. Alikigeuza, akapitisha makali yake kwenye jani la mkorosho, jani likakatika. Akasema kitu kama hiki alikwisha kukiona, wajukuu wake walikipata walipochimba mashimo ya miche, wakakitupa.

Jibu hilo lilibadili namna ninavyofanya kazi. Mikorosho ikipandwa mita 12 kwa 12, kila mche na shimo lake, eneo zima linafunguliwa zaidi kuliko mtafiti yeyote angeweza kulifungua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kuchimba mabaki bila leseni, na hatukuwa tukiyachimba. Inamtaka pia aliyekuta kitu atoe taarifa. Nikaanza kuwafundisha vibarua: usilitoe jiwe ukutani kabla halijapimwa kina, kwa sababu likishaingia mfukoni mwako haliwezi tena kutuambia lilikaa chini au juu ya kigae.

Macho yao yalikuwa makali kuliko yangu. Sikushangaa. Tendaguru, kule Lindi, kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria iliyopelekwa Berlin ilichimbwa na wafanyakazi wa kwetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Taya la zamadamu la Peninj, karibu na Ziwa Natron, liliokotwa mwaka 1964 na Kamoya Kimeu, aliyeanza kwa kubeba sururu. Majina ya wengine wa Tendaguru yanayofahamika ni machache mno, na hilo linaniuma. Katika madaftari yangu ya shambani, kando ya kina na rangi ya udongo, niliandika jina la aliyeshika jembe.