Kutoka Waterloo hadi Lukaya, juu ya madawati ya Bunda

Waterloo ya kwanza kupiganwa Musoma haikuwa na Waprusia. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Mwisenge, hatua chache kutoka ziwani, na jeshi zima lilikuwa la udongo: Wafaransa wekundu, Waingereza weusi wa tope la ufukweni. Mizinga ilikuwa vizibo vya soda vilivyokunjwa na kuchomekwa kijiti. Pande zote mbili zilikuwa na askari sawasawa, kama kete za drafti, na sheria ilikuwa moja tu: kila jenerali anarusha kokoto kwa zamu, na atakayebakiwa na askari waliosimama ndiye mshindi. Napoleon alishinda mara nyingi, maana mtoto aliyemshika alikuwa na shabaha.

Aliyekuwa Wellington, jenerali wa Waingereza, siku hizo leo ni mwalimu wa historia, na bado anapanga majeshi mezani. Alikuja kujua ukubwani kwamba mchezo wao ulikuwa na ndugu zake wa mbali. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha sheria za vita vya wanasesere, ambamo vizinga vya springi hufyatua vipande vya mbao na kuwaangusha askari wa bati. Kokoto za Mwisenge zilifanya kazi ileile, tena bure.

Waprusia waliingia pale alipoanza kusoma historia ya Ulaya kwa kina. Tarehe 18 Juni 1815 Napoleon alikuwa na watu wapatao 73,000 na Wellington kama 68,000. Hadi hapo mtoto wa Mwisenge hakuwa amepotea sana. Lakini usiku wa kuamkia vita mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ikawa tope, na Napoleon akasubiri ikauke kidogo ili mizinga isogee. Mashambulizi yakaanza karibu saa tano na nusu asubuhi. Na muda wote huo Blücher, jemadari wa Waprusia, alikuwa njiani kutoka Wavre na askari wapatao 50,000, akipita kwenye njia mbovu. Jioni waliingia Plancenoit, ubavuni mwa Wafaransa. Mtu akiondoa tope lile na safari ile, anachobaki nacho ni gwaride la watu wenye sare nzuri.

Alipoanza kufundisha Bunda, aliunganisha madawati manne ya darasani na kuyatandika kitambaa cha kaki. Vilima vilikatwa kwenye godoro kuukuu la sponji. Shamba la Hougoumont lilikuwa boksi la viberiti, na La Haye Sainte boksi jingine. Moshi wa mizinga ulikuwa pamba, kitu ambacho Bunda hakijawahi kuwa adimu: kila mzinga unaofyatuliwa unawekewa kifungu cha pamba mdomoni, na haufyatui tena mpaka pamba iondolewe. Wanafunzi walilipenda jambo hilo kuliko yote, na kwa kweli lilikuwa na faida, kwa sababu kwa kutupa jicho tu unajua mzinga upi umeshatumika.

Sheria nazo zilikua. Askari wa miguu waliojipanga mstari wanapiga bunduki nyingi kwa pamoja lakini wanatembea polepole. Wakiwa safu nene wanakwenda haraka, ila mizinga inawakata vibaya. Wakijipanga mraba, wakiwa na singe kila upande, farasi hawawaingilii. Ndivyo Ney, jemadari wa Napoleon, alivyopoteza askari wake wa farasi mchana ule wa Waterloo, akiwatuma mara kwa mara kwenye miraba ya Waingereza. Lakini mraba huohuo ni shabaha ya kutamanisha kwa mizinga. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa Ney aliliona hilo mapema, akavuta mizinga mbele kabla ya farasi, na miraba miwili ikavunjika. Darasa likalipuka kwa kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Tatizo lilikuwa kwamba kila mtu alishajua mwisho. Kila Napoleon wa Bunda alianza vita kwa kupeleka nusu ya jeshi mashariki kumsubiri Blücher, jambo ambalo Napoleon mwenyewe asubuhi ile hakuwa na sababu ya kulifanya. Alijua Waprusia wameshapigwa Ligny siku mbili nyuma, na alikuwa amemtuma jemadari wake Grouchy awafukuzie. Kumlazimisha mwanafunzi asahau anachokijua haiwezekani. Kinachowezekana ni kumnyima uhakika.

Dawa ilitoka Prussia yenyewe. Mwaka 1824 ofisa aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita kwa ajili ya maofisa: ramani badala ya meza ya maonyesho, dadu, na mwamuzi katikati. Majemadari hawaoni vyote. Wanaandika amri, mwamuzi anaamua zinafika lini na wanaoneshwa kile tu ambacho macho yao yangekiona. Mwalimu akageuza ubao wa darasa kuwa ukuta kati ya timu mbili. Amri zikawa vikaratasi vinavyokaa mezani kwa mwamuzi raundi mbili kabla ya kutekelezwa. Waprusia wakawa suala la dadu: huenda wakafika saa kumi, huenda saa moja usiku, na huenda anayeonekana kwenye upeo wa macho ni Grouchy. Kuanzia hapo Napoleon wa Bunda akaanza kusitasita, na mchezo ukapata uhai.

Mchezo haukubaki Waterloo. Darasa lilipokwenda Butiama kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini mezani kwao hakuna jenerali hata mmoja wa Mara. Swali lilikuwa la haki. David Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia King's African Rifles mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska. Mwaka 1979 ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ ndani ya Uganda, na askari walimwita Jenerali Mutukula. Baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kwa wanafunzi wa Mara, Blücher yupo kitabuni. Musuguri alikuwa mzee wa jirani.

Mwalimu akachagua vita vya Lukaya, nchini Uganda, na anayeijua Waterloo ataona mara moja kwa nini. Masaka ilikuwa imeshatekwa mwezi Februari. Kutoka Lukaya barabara ya Kampala inapita juu ya tuta la kilomita kama 25 katikati ya kinamasi. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ya JWTZ ilikutana pale na jeshi la Idi Amin likisaidiwa na Walibya wapatao 1,000, vifaru 15 vya T-55 na mitambo ya Katyusha. Maroketi yaliwatia askari kiwewe, wakarudi nyuma bila mpangilio. Brigedi ya 208 ilikuwa kilomita 60 kaskazini-magharibi. Ikaamriwa igeuke na kuiwahi barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa imefika ubavuni, na pande mbili zikashambulia kwa pamoja, 201 kutoka kusini na 208 kutoka kaskazini-magharibi. Baada ya vita zilihesabiwa maiti za Walibya zipatazo 200. Kisa hicho kimo kwenye kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey cha mwaka 1982.

Meza ilibidi ifumuliwe. Sheria za mraba na safu zilitupwa. Badala ya uwanja wenye vilima, likatengenezwa tuta moja refu la mbao lenye upana wa vidole viwili, na pembeni yake mabua yaliyosimamishwa kuwa matete. Kifaru kikitoka kwenye tuta kimekwama. Kwa hiyo mwenye vifaru 15 mezani anaweza kutumia viwili au vitatu vya mbele tu, na wanafunzi wanaofika wakihesabu silaha wanapigwa na butwaa. Kikaratasi cha amri kwa 208 sasa kinachukua usiku mzima.

Mzee mmoja wa Butiama, aliyewahi kuvaa gwanda, aliletwa kuiangalia. Aliizunguka meza kimya, kisha akasema, “Mwalimu, usiku wako unaona mbali mno.” Kwake, jioni ikishaingia hakuna wa kuona kitu upande wa pili wa tuta, wala wa kujua rafiki ni yupi. Mwalimu akakubali. Sasa raundi za usiku huchezwa wachezaji wakiwa wameipa meza mgongo, na mwamuzi pekee ndiye anayesogeza vikosi. Mzee huyohuyo ndiye aliyesababisha neno “kufa” liondolewe kwenye sheria. Kikosi kilichozidiwa kinaandikwa “kimetawanyika”, na dadu huamua kama kitakusanyika tena kufikia alfajiri, kama 201 ilivyofanya. Hilo lina ukweli zaidi kuliko hesabu ya maiti, na ni staha pia, kwa kuwa katika mkoa uliotoa askari wengi namna hii, mtoto anayeshangilia mezani huenda babu yake alikuwa barabarani pale.

Anachokiandaa sasa ni vita vya Ikoma, mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kapteni Wintgens alikuwa amejitenga na jeshi kuu la Wajerumani na kwenda kaskazini. Alipougua na kujisalimisha, Naumann akachukua uongozi. Mwishoni mwa Juni kikosi chake kilikuwa kwenye ngome ya Ikoma, na Wabelgiji waliokuja kumtoa wakashindwa vibaya. Ngome si kazi: boksi la viberiti bado lipo. Kinachomkwamisha ni wapagazi na chakula chao. Kikosi kile kilikuwa kinaishi kwa chakula cha vijiji kilivyovipitia, na mwalimu anataka mchezaji aanze kila raundi kwa kuamua mtama utatoka wapi kabla hajagusa bunduki hata moja. Wanafunzi wamejaribu rasimu ya kwanza na kulalamika kwamba raundi tatu zimepita bila risasi. Amewaambia waongeze ya nne.