Pango Lililo Jirani Nawe

Ndugu msomaji, likitajwa neno pango, bila shaka fikra zako huruka hadi Amboni, karibu na mji wa Tanga, au hadi Kondoa, ambako watu wa kale waliacha picha zao juu ya miamba. Nawe uliye Tabora, Uyui au Sikonge huenda ukajiambia kwamba huko ni mbali, nauli ni kubwa, na kwenu hakuna ila misitu ya miyombo na mchanga. Basi leo nakuomba uinue macho. Vile vilima vya mawe unavyovipita kila siku uendapo shambani au mnadani vina mapango yake, nayo hufikika kwa miguu au kwa baiskeli katika siku moja ya mapumziko.

Mapango hayo hayafanani na yale ya Amboni. Amboni ni nchi ya mawe ya chokaa, ambayo maji huyayeyusha polepole hata yakafanya vyumba na njia ndefu chini ya ardhi. Unyamwezi umekaa juu ya itale, jiwe ambalo wengine huliita graniti, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Itale haiyeyuki kama chokaa. Lakini ina nyufa, na maji ya mvua hupenya humo na kuumega mwamba ungali umefunikwa na udongo. Baadaye udongo huchukuliwa na mvua, yakabaki majabali ya mviringo yaliyopandana. Jua la mchana na baridi ya usiku huendelea kuyabambua kama kitunguu. Pale jabali moja linapoegemea jingine, au uso wa mwamba unapojitokeza mbele kama upenu wa nyumba, hapo ndipo penye pango. Aghalabu si refu, lakini lina kivuli, hubaki kavu wakati wa mvua, na mara nyingi jirani yake kuna shimo katika mwamba linalohifadhi maji.

Kivuli na maji ndivyo vitu alivyovitafuta msafiri wa zamani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia Tabora, kisha ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba kiasi cha kilo 30 au zaidi. Pamoja nao walipita wenzetu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi ilikuwapo nyika kavu iliyoogopwa na wote, jina lake Mgunda Mkali. Tazama majina ya vituo vya nyika hiyo kama wasafiri wa wakati ule walivyoyaandika: Jiweni, Jiwe la Mkoa, Mgongo wa Tembo. Yote matatu yanatokana na mawe. Mwamba ulioonekana kwa mbali ndio uliokuwa ramani ya mpagazi mwenye kiu. Richard Burton na John Speke walipita humo na kufika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na vitabu vyao vikawapa sifa ya wagunduzi. Hata hivyo waliwafuata watu ambao tayari waliijua kila hatua ya njia hiyo.

Ukiingia katika pango la namna hii, usitazamie maajabu ya kukushtua. Simama kwanza macho yalizoee giza. Tazama dari: weusi ule waweza kuwa moshi wa wachungaji, wa warina asali, au wa watu wa zamani zaidi. Tazama chini: huenda pana kigae cha chungu, punje ya mkaa, au kipande chembamba cha jiwe jeupe chenye makali, kilichochongwa na mtu aliyeishi kabla chuma hakijajulikana huku. Tazama na kuta. Kondoa ina zaidi ya mapango 150 yenye michoro, nayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pango lako huenda halina hata mchoro mmoja, lakini kukosa picha si kukosa historia.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze kwa uzito. Wako watu wanaoingia mapangoni usiku wakiwa na sururu. Wanatafuta mali ya Mjerumani. Uvumi wao una chembe ya kweli: mwaka 1916, meli za Waingereza zilipokuwa zimeziba bahari na fedha hazifiki, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli karibu na Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, na sarafu zilikuwa zipatazo 16,000. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Kuanzia hapo midomo ya watu ikaongeza masanduku, alama juu ya mawe na mapango yenye siri. Lakini fikiri, ndugu msomaji: fedha hupigwa kwa uhaba ili ilipe watu na kununua mahitaji. Fedha ya namna hiyo hupita mikononi, haifukiwi. Hata Mongomi wa Kolo, pango mashuhuri la Kondoa ambalo wenyeji hulitumia kwa matambiko, limechimbwa shimo na watafutaji wa mali hiyo.

Hasara yake ni nini? Udongo wa pango hujipanga tabaka juu ya tabaka, la juu la jana, la chini la kale. Mtaalamu akikuta mkaa katika tabaka lake, aweza kuupima umri wake, na kwa mkaa huo akajua umri wa kigae kilicholala pembeni. Sururu ikishapita, tabaka zote huwa kifusi kimoja. Mkaa upo, kigae kipo, lakini hakuna awezaye tena kusema kipi kilitangulia. Hakuna fundi wa kulitengeneza jambo hilo. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya kale bila kibali. Tena si sururu peke yake iliyo adui. Kilima cha itale huvunjwa kokoto za ujenzi, na kokoto tunazihitaji. Lakini yafaa kijiji kikague mawe yake kwanza, kijue lipi livunjwe na lipi liachwe.

Basi ukitaka kwenda, nenda kwa adabu. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, uwaamkie wazee, uwaeleze shida yako. Wakikwambia pango lile ni la matambiko na haliingiwi, shukuru na urudi. Usiende peke yako, na nyumbani waache wakijua ulikoelekea. Chukua maji ya kutosha, tochi mbili, viatu vilivyofunika vidole, na matobolwa na karanga kwa ajili ya watoto. Kabla ya kuingia sikiliza: nchi hii ni ya nyuki, na mzinga wa mwambani hauna mzaha. Angalia nyayo mlangoni, kwani fisi, nungunungu na chatu nao hupenda kivuli.

Pango lenye popo usiliingie kabisa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia pango la popo nchini Uganda, na ugonjwa huo umekwisha kuzuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Mkiwa ndani, msiwashe moto, msiandike majina ukutani, msimwagie maji mchoro ili uonekane vizuri. Kigae mkitazame, mkichore katika daftari, kisha mkiache palepale. Mkikuta shimo jipya lililochimbwa, mwarifu mwenyekiti siku hiyohiyo.

Jioni mpelekee babu au bibi daftari hilo, umwulize jina la kile kilima na maana yake. Jina hilo liandike kando ya mchoro. Wengi wanaoyajua majina hayo ni wazee sana, na daftari ni la bei ndogo.