Fataki ni ya mwisho

Kwetu Maniema, gobori la babu lilikuwa linatundikwa juu ya mlango. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika pembe ya baruti na mdeki, fataki, hapana. Ile alikuwa anaivalisha yeye mwenyewe, kisha ya yote, mdomo wa bunduki ukiangalia porini.

«Fataki ni kofia», alikuwa anasema. «Kubwa inaanguka njiani. Ndogo haifiki chini: pigo la kwanza linaisukuma tu, na nyama amekwisha kukimbia.» Njo maana alizijaribu moja moja juu ya kifa, bunduki ikiwa tupu bado. Kuisukuma, kijiti laini. Nyundo hata siku moja.

Fataki ilizaliwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, ikashinda gumegume sababu haiogopi sana mvua. Lakini ndani yake mna dawa kali.

Baba mdogo alikuwa na haraka. Siku moja aligonga fataki ngumu kwa mpini wa kisu. Risasi ikapasua majani ya nyumba. Kipande cha shaba kikamwingia jichoni. Jicho lile halikuona tena.

Gobori leo halipo. Ila mtoto akikimbiza kazi nyumbani mwetu, tunamwambia: «Weye, fataki ni ya mwisho.»